Nani mwenye msitu wa Ashenvale?

Jioni moja ya mwezi wa Agosti 2018, mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa chuo, alinitembelea akiwa na uso wa mtu aliyetoka matangani. Chai hakuigusa. Nilipomdadisi kulikoni, aliinamisha kichwa kisha akasema, "Mjomba, tumeuchoma mti."

Nilishtuka, na fikira zangu zilikimbilia kituo cha polisi na gharama za wakili. Mti gani? Na hao waliouchoma pamoja naye ni akina nani? Ndipo aliponifafanulia kwamba mti wenyewe hauko humu nchini wala kokote duniani. Uliitwa Teldrassil, ulikuwa mkubwa kiasi cha kubeba mji mzima, na ulimea ndani ya mchezo wa kompyuta uitwao World of Warcraft, ambao watu hucheza pamoja kupitia intaneti kutoka pembe nyingi za ulimwengu.

Nakiri kwamba nilimcheka. Mtu mzima kuomboleza mti wa kuchorwa! Lakini kijana hakucheka, nami nikaona si adabu kuendelea. Nilimwomba anieleze chanzo cha moto huo, naye akanisimulia kwa jioni tatu mfululizo. Tangu wakati huo nimejisomea zaidi ya inavyomfaa mtu wa umri wangu. Leo ningependa kumshirikisha msomaji katika mgogoro wa ardhi ambao haujawahi kufikishwa mbele ya hakimu yeyote, na ambao, kwa maoni yangu, umeamuliwa vibaya na karibu kila mtu anayeuzungumzia.

Kampuni ya Blizzard Entertainment ya Marekani ilitoa mchezo wake wa kwanza wa Warcraft mwaka wa 1994. Ulikuwa mchezo wa vita usio na mafumbo mengi. Upande huu kulikuwa na binadamu, na upande ule Maorki, viumbe wa kijani wenye pembe za meno zinazotokeza mdomoni, waliovamia dunia ya Azeroth kupitia lango la uchawi kutoka dunia yao wenyewe. Mwovu alijulikana kwa sura. Ulipotoka mchezo wa tatu mwaka wa 2002, waandishi walikuwa wamekomaa, na hadithi yao pia. Maorki walikuwa sasa watu walioshindwa vita na kufungiwa kambini. Walikombolewa na kijana wao aitwaye Thrall, ambaye alikuwa amelelewa utumwani na binadamu, naye akawavusha bahari hadi bara la Kalimdor kutafuta pa kuishi.

Mtu anayetafuta pa kuishi huhitaji miti ya kujengea. Thrall alimtuma swahiba wake, Grom Hellscream, mkuu wa ukoo wa Warsong, aende kaskazini katika msitu wa Ashenvale akakate miti na kuanzisha makao. Grom alikuwa jasiri na mwepesi wa hasira, mtu wa kutumwa vitani, wala si mtu wa kutumwa kwa jirani usiyemfahamu. Aliingia msituni na shoka begani. Hodi hakubisha.

Hapo ndipo pana kiini cha kesi. Wa kumbishia hodi walikuwapo. Ashenvale ilikuwa nchi ya viumbe wenye umri mrefu kupita kiasi, ambao nitawaita Wana wa Usiku. Walikuwa wameulinda msitu huo kwa muda wa miaka elfu kumi, na kwao mti haukuwa boriti inayosubiri kukatwa. Waliposikia mlio wa shoka, hawakutuma mjumbe kuuliza. Walituma mishale. Aliyewaongoza kiroho, Cenarius, nusu-mungu mwenye kiwiliwili cha paa dume, alijitokeza mwenyewe, na Maorki wakazidiwa. Kwa kukata tamaa, Grom alikunywa maji yaliyotiwa damu ya shetani Mannoroth, akapata nguvu zisizo zake, akamuua Cenarius. (Baadaye nusu-mungu huyo alifufuliwa, kwa kuwa katika hadithi za namna hii kifo ni safari ya kwenda na kurudi, lakini waliokuwa wakilia siku hiyo hawakulijua hilo.) Haukupita muda mrefu Grom alimkabili Mannoroth, akamuua, naye akafa papo hapo. Kwa kifo chake Maorki waliondokewa na laana ya damu ile. Mahali alipoangukia pako ndani ya msitu uo huo wa Ashenvale, na pana nguzo ya kumbukumbu yake hadi leo.

Kwa hivyo, kila upande una kaburi msituni. Msomaji wa gazeti hili hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Katika jamii zetu nyingi kaburi ndilo hati ya kwanza ya shamba, na wakili aliyepeleka mahakamani hati ya serikali amewahi kumkuta mpinzani wake akinyoosha kidole kuelekea kaburi la babu. Wana wa Usiku wanasema, "Hapa ndipo alipomwagiwa damu mlinzi wetu." Maorki wanasema, "Hapa ndipo tulipokombolewa." Wote wawili hawadanganyi.

Kilichonivutia zaidi katika mchezo ule wa 2002 ni mpangilio wake. Mchezaji huanza kwa kuongoza kundi moja, akalimaliza, kisha akaongoza jingine. Aliyekuwa Grom jana, akiamuru miti ikatwe na kuhesabu magogo, leo huwa Tyrande, kuhani mkuu wa Wana wa Usiku, akiangalia visiki vilivyoachwa na mkono wake mwenyewe. Mwishoni wote, binadamu, Maorki na Wana wa Usiku, husimama bega kwa bega juu ya mlima Hyjal kumzuia shetani mkubwa zaidi. Mtu mmoja hulazimika kuyaona mambo kwa macho ya pande zote kabla ya kufika mwisho. Huo, kwa maoni yangu, ulikuwa utunzi wa heshima.

Mambo yalibadilika mwezi wa Novemba 2004, ilipotoka World of Warcraft. Sasa wachezaji wengi waliingia katika ulimwengu mmoja kwa pamoja, na kila mmoja alitakiwa kumchagulia mhusika wake upande. Upande mmoja unaitwa Alliance, ambao hapa nitauita Muungano. Humo mna binadamu, mbilikimo wa milimani na, kwa kuwa adui yao alikuwa mmoja, Wana wa Usiku. Upande wa pili unaitwa Horde, nami nitauita Halaiki. Humo mna Maorki, Watauren wenye vichwa vya ng'ombe, na wafu waliofufuka. Maorki sasa walikuwa na nchi yao, Durotar, yenye udongo mwekundu, miamba na miiba, pamoja na mji mkuu, Orgrimmar. Nchi kame haioti boriti, na jirani yake wa upande wa kaskazini-magharibi ni Ashenvale. Basi shoka likarudi.

Hapa pana jambo ambalo mpwa wangu alilitaja kwa kupitia tu, lakini mimi lilinikosesha usingizi. Mchezaji wa Halaiki na mchezaji wa Muungano walipokutana msituni, hawakuweza kuzungumza. Si kwamba hawakutaka. Mchezo wenyewe uliyavuruga maneno. Uliandika salamu, na mwenzako wa upande wa pili akaona herufi zisizo na maana, eti kwa sababu wewe unasema lugha ya Maorki naye hasemi. Kicheko ambacho vijana huandika kwa herufi tatu, LOL, kilipotoka kwa Halaiki kilimfikia mtu wa Muungano kikiwa "kek". Huenda watu hao wawili walikuwa ndugu waliokaa chumba kimoja. Ndani ya msitu walikuwa bubu mmoja mbele ya mwingine, na kitu pekee walichoweza kupeana ni kipigo.

Nawauliza wanaobishana usiku kucha kuhusu mwenye haki katika Ashenvale: ni mgogoro gani wa mpaka uliowahi kutatuliwa na watu waliokatwa ndimi?

Kijana anayeanza mchezo upande wa Muungano hufika katika mji mdogo wa Astranaar, katikati ya msitu. Hapo huambiwa kwamba wakataji miti wamevuka mpaka, basi aende akawaue kadhaa na kurudi kupokea ujira. Kijana wa Halaiki hufika Splintertree, upande wa mashariki, akaambiwa kwamba walinzi wa Wana wa Usiku wanawashambulia wafanyakazi wasio na hatia, basi aende akawaue kadhaa na kurudi kupokea ujira. Kila mmoja hutimiza agizo na kusifiwa kuwa ameokoa watu wake. Punde si punde, waliouawa wanasimama tena pale pale walipokuwa, ili mchezaji anayefuata naye apate wa kuwaua. Mkataji huuinua shoka juu ya mti ule ule. Mti hauanguki wala kuni haziishi, na mpaka hausogei hata hatua moja.

Juni 2005 palifunguliwa uwanja maalumu wa vita kwenye ukingo wa msitu, Warsong Gulch, ambako wachezaji kumi wa kila upande hunyang'anyana bendera. Atakayeileta kwake ya adui mara tatu ndiye mshindi. Mpwa wangu amecheza hapo mara zisizohesabika, na nilipomuuliza ni ekari ngapi za msitu zilizobadilisha mikono kwa ushindi wake wote, aliniangalia kana kwamba nimemuuliza uzito wa moshi. Bendera hurudishwa, lango hufungwa, na kumi wengine huingia.

Msomaji atasema, huo ni mchezo, wala mechi ya kandanda haimpi mshindi kiwanja. Kweli. Lakini kandanda haidai kuwa na historia ya makaburi. Hawa wanauza vyote viwili, mechi na kilio. Oktoba 2010 kampuni ilitangaza kwamba walipiaji wake wamezidi milioni 12, na ada ya kawaida huko Marekani ilikuwa karibu dola 15 kwa mwezi. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mfanyabiashara ambaye duka lake limejengwa juu ya mpaka wenye ugomvi hana haraka ya kumwita mpima ardhi.

Waandishi wenyewe, nadhani, walilifahamu hilo na liliwakera. Katika riwaya ya Christie Golden iliyotoka mwaka wa 2010, The Shattering, pana kisa ambacho ningependa kila mpatanishi akisome. Maorki wanahitaji miti kuliko wakati wowote. Hamuul Runetotem, mzee wa Kitauren na mmoja wa druidi, yaani walinzi wa maumbile, anaamua kulitafutia jambo hilo njia ya amani. Druidi wa pande zote mbili wamezoea kukutana, na wana mahali pao, Moonglade, ambapo silaha za makundi hazina nafasi. Basi Hamuul anaitisha mkutano na druidi wa Wana wa Usiku humo humo Ashenvale. Wanakaa na kuzungumza. Kwa mara ya kwanza suala la kuni linajadiliwa kama suala la kuni. Ghafla wanavamiwa na kuchinjwa, na Hamuul anaponea chupuchupu.

Waliovamia walikuwa Maorki, lakini hawakuwa askari wa Halaiki. Walikuwa wa madhehebu ya Twilight's Hammer, watu wasiotaka lolote ila mwisho wa dunia. Lakini mauaji yana wepesi wa kuvishwa jina la anayeshukiwa tayari. Cairne Bloodhoof, chifu wa Watauren na rafiki wa Hamuul, hakuwa na shaka kwamba amri ilitoka kwa Garrosh, mwana wa yule Grom, ambaye Thrall alikuwa amemwachia uongozi. Akamwita Garrosh wapigane ana kwa ana. Shoka la Garrosh lilikuwa limepakwa sumu na Magatha, hasimu wa Cairne, bila mwenye shoka kujua. Mzee akafa, naye alikuwa kiongozi pekee katika Halaiki aliyeweza kumwambia kijana yule, "Hapana."

Yote hayo yalitokana na kuni. Nalirudia jambo hili kwa sababu mashabiki hulisahau. Husimulia urithi wa kale, heshima, na damu ya mashetani. Mkutano uliovunjwa ulikuwa wa kujadili idadi ya miti na mahali pa kuikata, shauri ambalo baraza la wazee wa kijiji lingelimaliza kabla ya adhuhuri.

Mwezi wa Desemba 2010 mchezo wenyewe ulibadilishwa ili kulingana na hadithi. Ramani ya Ashenvale ilichorwa upya, volkano ikachipuka, na Halaiki chini ya Garrosh ikapewa vituo zaidi msituni, kikiwemo kimoja kilichokuwa cha Wana wa Usiku. Hii ilikuwa mara chache mpaka kusogea. Wala haukusogezwa na mchezaji yeyote. Waliolala wakiwa wameshinda na waliolala wakiwa wameshindwa waliamka wote wakakuta kalamu imekwisha kupita.

Ndiposa tunarudi kwenye mti wa mpwa wangu. Mwaka wa 2018 Halaiki iliongozwa na Sylvanas Windrunner, malkia wa wafu. Kampuni ilikuwa ikijiandaa kutoa sehemu mpya ya mchezo iliyohusu vita vya makundi mawili, na kabla ya hapo ilifungua vita vya utangulizi. Jeshi la Halaiki lilipita Ashenvale kwa hila na nguvu, likafika ufuko wa Darkshore, na mbele yake, baharini, ukawa umesimama Teldrassil. Wachezaji walikuwa wameambiwa wanakwenda kuuteka. Sylvanas akaamuru uchomwe, pamoja na waliokuwamo.

Wachezaji wa Muungano walipewa kazi ya kuwaokoa wakazi. Idadi ya wa kuokolewa ilikaribia elfu moja, na muda ulikuwa dakika chache. Haikuwezekana, na haikukusudiwa iwezekane. Moshi ulimzidi mchezaji hadi akatolewa. Wachezaji wa Halaiki hawakupewa kazi hata hiyo. Mpwa wangu alikuwa amecheza kama Orki kwa miaka mingi kwa sababu alipenda ile habari ya watu waliofungwa kambini wakajikomboa. Alifuata amri moja baada ya nyingine, kwa kuwa katika mchezo huo asiyefuata hasongi mbele, na amri ya mwisho ilipotolewa hapakuwa na mahali pa kubonyeza akasema hataki. Wenzake wengi walilalamika hadharani. Wengine walisema ni upuuzi kulalamikia mti wa kubuni. Mimi nilikuwa wa kundi hili la pili kwa muda wa jioni moja, na sijivunii.

Kijana hakulilia mti pekee. Alilia kwa kuwa alitumiwa jina lake. Alipewa hiari ya kuchagua upande mwanzoni, kisha hiari ile ikafanywa ushahidi dhidi yake. "Tumeuchoma," alisema, wala hakusema "wameuchoma". Kampuni ilichapisha hadithi mbili ndefu kuhusu vita hivyo, moja ya Christie Golden kwa macho ya Muungano na nyingine ya Robert Brooks kwa macho ya Halaiki. Nimezitaja kwa sababu ndizo zinazonipa hoja yangu ya mwisho: walijua kwamba mambo haya hayaeleweki bila macho mawili, kama walivyojua mwaka wa 2002. Lakini ndani ya mchezo wenyewe walimwachia kila mtu jicho moja.

Mwezi wa Mei 2022, kwa mara ya kwanza, wachezaji wa Muungano na wa Halaiki waliruhusiwa kuungana katika kundi moja na kupigana dhidi ya adui wa pamoja. Mwaka uliofuata wakaruhusiwa kuwa katika chama kimoja. Wana wa Usiku nao walipata mti mpya, Amirdrassil, mnamo Novemba 2023. Yote hayo ni mema, lakini tusijidanganye kwamba ni matunda ya suluhu. Sioni katika ruhusa ile kikao chochote kilichohesabu miti, wala aliyekwenda kusimama kwenye nguzo ya Grom na pale alipoangukia Cenarius akasema huyu ni wetu na yule ni wenu, msitu ni wa wote. Lango lilifunguliwa na wenye ufunguo, kwa sababu zao, na wangeweza kulifungua tangu 2004. Kijana mgeni anayefika leo katika Ashenvale ile ya 2010 atawakuta wakataji wale wale na shoka zao juu.

Juzi nilimuuliza mpwa wangu, ambaye sasa ana kazi na mtoto, kama bado anacheza. Aliniambia hucheza usiku mmoja kwa wiki, yeye na Orki wake, pamoja na rafiki yake mwenye Mwana wa Usiku. Aliongeza kwamba katika ufuko wa Darkshore kuna mhusika aitwaye Zidormi, ambaye ukimwomba hukurudisha katika wakati wa kabla ya moto. Siku nyingine huenda huko peke yake, akautazama mti ukiwa umesimama ng'ambo ya maji.

Nilimuuliza kama anaweza kuvuka akaufikia.

"Siwezi, Mjomba," alisema. "Mimi ni Orki. Walinzi wakiniona watanipiga mishale."